Mguso wa Pili: Kuongoka na Kubadili Mtazamo katika Maisha ya John Newton

Katika mahubiri na vitabu vya mafundisho ya Kikristo, kuongoka na kubadili mtazamo huchukuliwa mara nyingi kuwa jambo moja, kana kwamba mtu aliyempokea Kristo hupokea papo hapo macho mapya ya kuutazama ulimwengu, jirani zake, kazi yake na mali yake. Mhadhara huu unashika hoja tofauti, kwamba mambo hayo mawili yana udugu wa karibu lakini hayafiki pamoja, na kwamba Kanisa limepata hasara kila lilipoyachanganya. Kuongoka hapa ni kule kugeuka kwa moyo ambako mtu humkabidhi Mungu maisha yake na kuiacha njia anayojua kuwa ni mbaya. Mtazamo ni ule utaratibu wa kuona, ambao mwenye nao kwa kawaida hauoni, unaomfanya ahesabu baadhi ya mambo kuwa dhambi na mengine kuwa desturi, baadhi ya watu kuwa jirani na wengine kuwa vyombo vya kazi. Mtu aweza kuiacha dhambi anayoijua siku ile ile anayoongoka. Dhambi asiyoijua huendelea kuishi naye, husali naye, na pengine hutoa sadaka kutokana na faida yake.

Injili ya Marko, katika sura ya 8, ina habari ya kipofu wa Bethsaida, ambayo ni ya pekee miongoni mwa habari za uponyaji kwa sababu kazi haikukamilika kwa mara moja. Yesu alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji, akamtia mate machoni na kumwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu, naye akajibu kwamba anaona watu, ila wanaonekana kama miti inayotembea. Ilibidi awekewe mikono mara ya pili ndipo akaona vyote waziwazi. Wafafanuzi wengi wa Biblia wanakubaliana kwamba Marko hakuiweka habari hii hapo kwa bahati tu, maana katika aya zinazofuata Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo, na mara tu baada ya ungamo hilo anamkemea Bwana wake kwa kutaja mateso na kifo, hata akaambiwa arudi nyuma kama Shetani. Ungamo la Petro lilikuwa la kweli, na kosa lake vilevile lilikuwa la kweli. Yafaa kuzingatia pia ni kitu gani hasa kilichomshinda kipofu yule baada ya mguso wa kwanza: Marko hasemi kwamba aliona mbingu vibaya au njia vibaya, anasema kwamba aliona watu vibaya. Tena mtu yule hakujifanya kuwa amepona. Alipoulizwa alisema alichokiona kama kilivyo, na huenda jibu la heshima zaidi, la kumshukuru mponyaji na kwenda zake, lingemwacha na miti yake mpaka kufa.

Maisha ya John Newton, Mwingereza aliyetunga wimbo wa neema ambao leo huimbwa katika madhehebu karibu yote, yanaionyesha tofauti hii kwa uwazi usio wa kawaida, kwa sababu mtu huyu aliandika sana kuhusu nafsi yake katika vipindi mbalimbali, hivyo yawezekana kulinganisha alichokiona akiwa kijana na alichokiona akiwa mzee. Hadithi inayosimuliwa makanisani ni fupi na inapendeza: nahodha wa meli ya watumwa alikumbwa na dhoruba, akamlilia Mungu, akaokoka, akaiacha biashara ile na kuandika wimbo. Habari yenyewe haikwenda hivyo, na kwa wenye kutaka kuelewa namna neema inavyofanya kazi, habari yenyewe ina mafunzo zaidi kuliko hadithi.

Newton alizaliwa London mwaka 1725, akafiwa na mama yake kabla hajatimiza miaka saba, akaanza kusafiri baharini na baba yake akiwa bado mtoto. Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kuingizwa katika jeshi la wanamaji, kama ilivyokuwa desturi ya Uingereza wakati huo, akatoroka, akashikwa na kuchapwa mijeledi mbele ya wenzake. Baadaye alihamishiwa katika chombo cha biashara ya watumwa, akashuka pwani ya Sierra Leone na kumtumikia Mzungu mmoja aliyekuwa na makao yake katika visiwa vya Plantain. Huko aliugua, akanyimwa chakula na kudharauliwa, zaidi na mke wa bwana huyo, ambaye alikuwa mwanamke Mwafrika mwenye cheo katika jamii yake. Kwa muda aliishi maisha yaliyokaribia sana utumwa, na mtu angedhani kwamba aliyeonja uchungu huo asingeweza tena kumfunga mwenzake minyororo. Haikuwa hivyo. Mateso peke yake hayafundishi huruma. Humwachia mtu kumbukumbu tu, na kumbukumbu hiyo yaweza kutumika kwa mema au kwa mabaya.

Machi 1748, akirejea Uingereza katika meli iliyoitwa Greyhound, alikutana na dhoruba iliyokaribia kuizamisha. Katika saa za kupiga bomba la maji na kushika usukani alianza kuomba, na siku hiyo aliikumbuka kila mwaka mpaka uzeeni kuwa ndiyo siku ambayo Mungu alimfikia. Hakuna sababu ya kuutilia shaka mguso huo wa kwanza. Aliacha matusi, akaanza kusoma Biblia kwa bidii, akawa mtu wa sala. Kisha akarudi Afrika ya Magharibi akiwa ofisa wa meli ya watumwa, na kuanzia mwaka 1750 hadi 1754 aliongoza safari tatu akiwa nahodha mwenye mamlaka kamili, mara ya kwanza katika meli ya Duke of Argyle na mara mbili katika meli ya African. Siku za Jumapili aliwakusanya mabaharia kwa ibada. Saa za mapumziko alijifunza Kilatini na kumwandikia mkewe barua za upendo na uchaji. Chini ya sakafu aliyopigia magoti, katika ngama, yaani sehemu ya ndani ya chombo inayopakiwa shehena, walilala watu waliofungwa wawili wawili kwa pingu. Na katika daftari lake la safari aliandika, kwa mkono ule ule na kwa utulivu ule ule, kwamba aliwatia vijana wanne kwenye chuma cha kubana vidole gumba ili waungame njama ya uasi.

Msomaji wa leo huwa mwepesi wa kusema kwamba mtu huyo alikuwa mnafiki. Hukumu hiyo ni rahisi mno, na kwa hakika ingekuwa faraja kubwa kama ingekuwa kweli, kwa maana mnafiki anajua anachokificha, na watu wasio wanafiki wangeweza kujihesabu kuwa salama. Jambo la kutisha katika habari za Newton ni kwamba alikuwa mkweli. Alipoandika habari za maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1764, mwaka alioupata ukasisi katika Kanisa la Uingereza, alieleza kwamba kazi ile ilihesabiwa kuwa ya heshima, kwamba alijiona nyakati nyingine kama mlinzi wa gereza asiyependezwa na pingu na makufuli, na kwamba alimwomba Mungu ampe kazi nyingine yenye utu zaidi. Hapo ndipo mwanga ulipofika na kusimama. Aliisikia karaha ya kazi, lakini hakuiona haki ya watu waliofungwa. Na hata alipoacha bahari mwishoni mwa mwaka 1754, hakuacha kwa sababu ya dhamiri. Ugonjwa wa ghafla ulimpata siku chache kabla ya kusafiri tena, na madaktari wakamshauri asiende.

Dhamiri katika mafundisho ya Kikristo ni ile sauti ya ndani inayomshuhudia mtu juu ya wema na ubaya wa matendo yake. Mara nyingi husemwa kuwa ni sauti ya Mungu, na usemi huo una ukweli wake, lakini unasahau kwamba sauti hiyo hujifunza lugha yake nyumbani, sokoni na mahakamani. Dhamiri ya nahodha wa Liverpool katika miaka ya 1750 ilikuwa imelelewa na sheria iliyoruhusu biashara ya watu, na wenye meli walioheshimiwa mjini, na makasisi waliopokea zaka za wenye meli hao, na faida iliyogawanywa kwa watu wengi kiasi kwamba hakuna aliyejiona kuwa ndiye mwenye hatia. Dhamiri hiyo ilimsuta Newton kwa neno chafu lililomtoka, ikanyamaza juu ya mtoto aliyetenganishwa na mama yake. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba hakujua neno lolote la kuishtaki nafsi yake, lakini kwamba hilo halikumfanya ahesabiwe haki. Na aya hiyo haisomwi mara nyingi kama inavyostahili.

Kuna utetezi unaosikika kila habari hizi zinapotajwa, nao ni kwamba watu wa zamani hawakuweza kuona zaidi ya zama zao. Utetezi huo hausimami. Mwaka 1688, miaka 60 kabla ya dhoruba ya Newton, kundi dogo la Wakristo wa Germantown katika Pennsylvania, watu wanne tu, walitia sahihi waraka wa kupinga utumwa, na hoja yao kuu ilikuwa kanuni ya Injili ya kuwatendea wengine kama mtu anavyotaka kutendewa, ambayo kila Mkristo aliijua kwa moyo. Watu hao hawakuwa na Biblia tofauti na ya wenzao. Tofauti ilikuwa mahali waliposimama walipoisoma: walikuwa wahamiaji, wa madhehebu yaliyoteswa Ulaya, na hawakuwa na meli. Ndugu wa dini yao ya Kikweka walihitaji karibu miaka 90 kufika mahali ambapo hao wanne walikuwa wamefika, maana ilikuwa mwaka 1776 ndipo mkutano mkuu wa Wakweka wa Philadelphia ulipokataza waumini wake kumiliki watumwa. John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, alichapisha kitabu chake cha kupinga utumwa mwaka 1774. Kwa hiyo mwanga ulikuwepo, na ulikuwepo ndani ya Kanisa lenyewe; kilichokosekana kwa wengi ni sababu ya kugeuza uso.

Wimbo maarufu wa Newton ulitungwa kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya ya 1773 katika mji mdogo wa Olney, alikokuwa kasisi, na unazungumzia upofu uliogeuka kuwa kuona. Alipoutunga, hakuwa ametamka neno lolote hadharani dhidi ya biashara ya watumwa, na miaka 15 ilikuwa bado kupita kabla hajafanya hivyo. Hili si jambo la kuufanya wimbo huo usiimbwe. Ila linaupa wimbo maana ambayo mtungaji mwenyewe hakuikusudia wakati huo, kwamba mtu aweza kumshukuru Mungu kwa moyo wote kwa kufunguliwa macho huku sehemu kubwa ya kazi ya kufunguliwa ikiwa bado mbele yake.

Mguso wa pili ulimjia Newton polepole, na ulimjia kupitia watu. Mwaka 1780 alihamia London katika kanisa la St Mary Woolnoth, na Desemba 1785 alitembelewa kwa siri na mbunge kijana, William Wilberforce, aliyekuwa ameamka kiroho na kujiuliza kama aache siasa ili amtumikie Mungu. Newton alimshauri abaki Bungeni. Ushauri huo umesifiwa sana, na kwa haki. Lakini yafaa kuutazama pia kutoka upande wa pili, kwa kuwa mzee aliyempa kijana ushauri ndiye aliyevutwa na kijana huyo, miaka michache baadaye, kusema yale aliyoyanyamazia kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1787 ilianzishwa London jumuiya ya kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, na mwaka 1788 Newton, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alichapisha kijitabu kuhusu biashara hiyo, akakiri kwamba maungamo yake yamechelewa, na kwamba ni aibu kwake kukumbuka kuwa aliwahi kushiriki katika kazi ambayo sasa moyo wake unatetemeka kuifikiria. Alitoa ushahidi mbele ya Baraza la Ushauri la Mfalme, na baadaye mbele ya Bunge.

Kijitabu hicho kinaonyesha jinsi mtazamo uliobadilika unavyoyatumia yale yale yaliyoonwa na macho ya zamani. Newton hakuhitaji kwenda tena Afrika kutafuta habari. Zote alikuwa nazo tangu ujana. Alieleza jinsi watu walivyopangwa ngamani, safu juu ya safu, kama vitabu vinavyopangwa kwenye rafu. Alisimulia habari ya ofisa mmoja wa meli aliyemnyang'anya mwanamke mtoto wake mchanga na kumtupa baharini kwa sababu kilio chake kilimkosesha usingizi. Aliandika kwamba miongoni mwa Washerbro wa Sierra Leone aliishi kwa amani na usalama akiwa Mzungu pekee, na kwamba walistahili kuaminiwa mahali ambapo hawakuwa wamekwisha kudanganywa na Wazungu. Akaongeza kwamba Mwafrika akishukiwa kufanya hila katika biashara hujibu kwa hasira akiuliza kama anadhaniwa kuwa ni Mzungu. Neno hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Newton lazima alilisikia katika miaka ile ya ujana, na kwa miaka mingi halikumwambia kitu. Sasa alikuwa amefika mahali pa kujiona yeye mwenyewe kwa macho ya waliomtazama, na kukubali kwamba hao ndio walioona sawasawa. Kubadili mtazamo, kwa maana kamili, ni huko: mtu huacha kuwa mtazamaji peke yake, akakubali kwamba naye ametazamwa, amepimwa, na ana ya kujifunza kutokana na kipimo hicho.

Hata hivyo kazi haikuwa imekwisha. Sehemu ya kwanza ya kijitabu inahesabu hasara waliyoipata mabaharia Waingereza kwa magonjwa na kwa ugumu wa moyo, kisha ndipo inawageukia Waafrika, na ingawa huenda mpangilio huo ulikuwa mbinu ya kuwavuta wasomaji Waingereza, ulifuata bado ngazi ya kale ya thamani ya watu. Mwaka mmoja kabla yake, 1787, kilikuwa kimetoka kitabu cha Ottobah Cugoano, Mkristo aliyetekwa utotoni katika nchi ambayo leo ni Ghana, akapelekwa Grenada na hatimaye Uingereza. Na mwaka 1789 kilitoka cha Olaudah Equiano, aliyebatizwa London mwaka 1759 akiwa bado mtumwa. Cugoano alidai mambo ambayo Newton hakuyadai. Wanaharakati wa Kiingereza waliomba biashara ya watumwa ikomeshwe. Cugoano alitaka utumwa wenyewe ukomeshwe, na alisema kwamba kila mkazi wa Uingereza asiyeupinga ana sehemu yake ya hatia. Sheria ya kukomesha biashara ilipitishwa Machi 1807, Newton akafariki Desemba mwaka huo huo akiwa ameiona. Ya kukomesha utumwa katika makoloni ikangoja hadi 1833. Kwa miaka 26 iliyopita kati ya sheria hizo mbili, hoja ya Cugoano ilikuwa imechapishwa na inasomeka.

Kuna pingamizi la kweli linalopaswa kujibiwa. Waraka kwa Waefeso unaonya dhidi ya waumini wanaotupwa huku na huku na kila upepo wa elimu, na si kila kubadilika ni kuona vizuri zaidi. Wapo waliobadili mtazamo wakawaacha maskini, au wakaiona dhuluma waliyoipinga jana kuwa ni hekima kwa kuwa wamepewa sehemu yake. Kipimo cha Kikristo hakiwezi kuwa upya wa wazo wala ujasiri wa kuliacha la zamani. Marko anatoa kipimo kilicho wazi zaidi, kwa kuwa mguso wa pili ulithibitika pale ambapo miti iligeuka kuwa watu. Mtazamo mpya unaomfanya jirani aonekane kuwa mtu kamili kuliko alivyoonekana jana una alama ya Injili hata kama haukuzoeleka. Na mtazamo mpya unaomrudisha jirani kuwa mti hauna alama hiyo, hata ukisifiwa na wasomi.

Petro mwenyewe ni ushahidi kwamba mguso wa pili nao unahitaji kutunzwa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 10, akiwa Yafa juu ya dari ya nyumba, alionyeshwa nguo kubwa iliyoshuka na wanyama wa kila aina, akaelewa baadaye, alipoingia nyumbani mwa Kornelio akida wa Kirumi, kwamba hakupaswa kumwita mtu yeyote najisi. Aliutetea uamuzi huo mbele ya waumini wa Yerusalemu waliomlaumu kwa kula na wasiotahiriwa. Lakini Waraka kwa Wagalatia unaeleza kwamba alipofika Antiokia, na watu waliotoka kwa Yakobo walipokuja, alijitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuogopa maneno, na Paulo akamkemea mbele ya wote. Petro hakuwa ameibadili imani yake Antiokia. Alijua anachopaswa kujua. Meza tu ndiyo iliyomshinda, na meza ndipo mitazamo inapojulikana ilivyo hasa.

Habari ya Newton inaigusa pwani ya Afrika Mashariki kwa kamba iliyo wazi. Newton alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha mazungumzo cha makasisi wa London kilichoitwa Eclectic Society, ambacho ndani yake ilizaliwa mwaka 1799 jumuiya ya misheni inayojulikana kwa herufi CMS. Jumuiya hiyo ndiyo iliyomtuma Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na ndiyo iliyoanzisha Freretown karibu na mji huo katika miaka ya 1870 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa. Ilikuwa kazi ya huruma, na wengi waliipata nafuu ya kweli. Lakini katika miaka ya 1880 wamisionari walikutana na swali ambalo huruma yao haikulitazamia, yaani swali la watoro, watumwa waliotoroka wenyewe kutoka mashamba ya pwani bila kungoja manowari ya kuwakomboa. Kwa sheria ya Usultani wa Zanzibar watu hao walikuwa mali ya mabwana zao, na viongozi wa misheni, waliohofia ugomvi na wenye mashamba na serikali ya Zanzibar, walielekeza wasipokelewe. Mtumwa aliyekombolewa na Mwingereza alionekana ni ndugu. Mtumwa aliyejikomboa alionekana ni tatizo.

Huko Rabai, kituo kingine cha misheni hiyo, alikuwepo William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni, akalelewa katika shule za misheni nchini India, akarudi pwani miaka ya 1860, na kupewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Chini ya uangalizi wake watoro waliendelea kupata mahali Rabai, wakajenga, wakalima, wakasali. Mwishoni mwa mwaka 1888 mambo yalifikia kikomo, wenye watumwa walipodai watu wao, na George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikianza kutawala pwani akakuta zaidi ya watu 1,400 waliokimbilia vituo vya misheni. Akalipa fidia, nao wakatangazwa huru Januari 1889. Historia za misheni husifu fidia hiyo. Fidia isingekuwa na mtu wa kumlipia kama Jones angeona kama walivyoona wakubwa wake. Yeye hakuhitaji, kama Newton, miaka 34 ya kutafakari ili amwone mtoro kuwa mtu, kwa kuwa alijua upande ule wa mnyororo. Na hapo ndipo lilipo jibu la swali la namna mtazamo wa Mkristo unavyobadilika, kwamba mara nyingi hubadilishwa na Mkristo mwingine aliyesimama mahali pengine, ikiwa atasikilizwa.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Gahini nchini Rwanda na nchini Uganda, kuanzia kukutana kwa Joe Church na Simeoni Nsibambi mwaka 1929, ulilipa jambo hili umbo la kila wiki. Walokole, yaani waumini wa uamsho huo, walikutana kuungama wao kwa wao, kwa majina ya makosa, wakirudisha walichoiba. Na wamisionari kadhaa waliungama mbele ya Waafrika kiburi cha rangi ambacho hakuna kanuni ya kanisa iliyowahi kuwauliza habari zake. Thamani ya desturi hiyo ilikuwa katika kuwaweka pamoja mtu na yule aliyemkosea bila kujua. Inasikitisha kwamba katika sharika nyingi ushuhuda umesinyaa ukabaki orodha ya dhambi zinazojulikana tayari, ulevi, uzinzi na uchawi, ambazo mshuhudiaji aliziacha zamani na wasikilizaji wanazitarajia.

Ni nadra, kwa mfano, kusikia ushuhuda juu ya mshahara wa msichana wa kazi. Nyumba nyingi za Wakristo katika miji ya Afrika Mashariki huendeshwa na binti aliyeletwa kutoka kijijini, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, anayeitwa dada na kuhesabiwa kuwa wa familia hadi siku anapoomba ruhusa au malipo ya miezi iliyopita. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba wa 189 unaotambua watumishi wa nyumbani kuwa wafanyakazi wenye haki ya saa za mapumziko na ujira uliokubaliwa. Na haileti sifa kwa makanisa kwamba wanadiplomasia waliliandika hilo kabla halijaingia katika mafundisho ya kipaimara. Wenye nyumba hizo si wanafiki kuliko alivyokuwa nahodha wa meli ya African. Wanasali kwa kweli, na binti yupo sebuleni wanaposali, au yupo jikoni.

Waraka wa Paulo kwa Filemoni unahusu nyumba ya namna hiyo. Filemoni alikuwa ameongoka, upendo wake ulijulikana, waumini walikutana kwake, na Onesimo alikuwa mtumwa wake. Paulo anamrudisha Onesimo na kuomba apokewe kama angepokewa Paulo mwenyewe, lakini hatumi ombi hilo kwa siri: salamu za mwanzo zinawataja Afia, Arkipo na kanisa lote lililo katika nyumba hiyo, ambao kwa hiyo wangelisikia likisomwa huku Onesimo amesimama mbele yao. Na kabla ya kumaliza anaongeza agizo moja la kawaida, kwamba aandaliwe mahali pa kulala, kwa kuwa anatumaini kuja.